Kasoro za Nyumba ya Fundi Redio

Katika ofisi ya wakili iliyo juu ya duka la viatu, mtu wa kwanza kukutana naye si wakili. Ni mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani, amekaa nyuma ya meza ndogo karibu kabisa na mlango, hata mteja mnene akiingia inabidi yeye avute kiti. Watu humwita Mapokezi. Neno hilo limeandikwa kwenye kibao kilicho mezani pake, na limemganda kiasi kwamba hata muuza mboga wa mtaani kwake humwamkia hivyo. Mwenyewe hana kinyongo nalo. Anasema mtu akiitwa kwa kazi yake, angalau anajua anatafutwa kwa nini.

Kazi kubwa ya wakili huyo ni kuhamisha umiliki wa nyumba na viwanja, kutoka jina la anayeuza kwenda jina la anayenunua. Wateja wake karibu wote ni watu wanaonunua kwa mkopo wa benki, kwa mara ya kwanza na pengine ya mwisho maishani mwao. Watu hao huja na hofu, na hofu yao hutoka kwa njia ya maswali. Sasa, wakili hulipwa kwa muda wake, na Mapokezi hatozi kitu. Basi maswali yote humwangukia yeye. Kwa nini benki imtume mtu wake kuikagua nyumba niliyokwisha kuikagua mimi na shemeji yangu? Wakili wa benki si atanitetea na mimi? Ufunguo napewa lini? Kuku wangu siwezi kuwatanguliza kule, wakaanza kuzoea? Halafu lile swali kuu, ambalo kila mteja huliuliza kwa sauti ya chini akidhani ni yeye wa kwanza kulifikiria: nikishanunua, nyumba itakuwa yangu au ya benki?

Majibu Mapokezi anayo ulimini. Nyumba ni yako, ila benki imekushikia hati mpaka umalize deni. Wakili wa benki ni wa benki, wako ni huyu wa humu ndani. Kuku wasubiri ufunguo. Na kuhusu yule mtu anayetumwa na benki kuitia nyumba thamani, ambaye huitwa mthamini, jibu lake lilikuwa maarufu hadi kwenye ofisi za mawakili wengine: mthamini akija, mfungulie mlango, kisha ufunge mdomo. Benki itakukopesha kwa kufuata bei atakayoandika yeye, haijali ninyi wawili mmepatana nini, kwa hiyo mwache aone kwa macho yake na aende zake.

Jioni akirudi nyumbani alikuwa akiwaigiza wateja hao mbele ya mama yake. Yule wa kuku, yule aliyetaka kusaini kwa niaba ya mume wake kwa sababu mume ana mwandiko mbaya, yule aliyeuliza kama benki ikifilisika anaweza kuokota hati yake akakimbia nayo. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Alihitaji kucheka, maana vichekesho vingine havikumfikia. Walikuwa wamepanga ghorofa ya juu kabisa, jengo lina ngazi na halina lifti, na magoti ya mama yalikuwa yamegoma. Mara ya mwisho alipotelemka, kwenda hospitali, majirani walimbeba juu ya kiti, mtaa mzima ukitazama, naye aliona haya kuliko alivyoona maumivu. Tangu hapo hakutoka tena. Alikaa dirishani akiwaangalia watu utosini, akiwasema mmoja mmoja, na hakuna aliyemsikia.

Mama huyu enzi zake aliogopwa na wauza vitambaa wote. Alimfundisha binti yake tangu utotoni kwamba kitu ukikitaka usikichekee hata kidogo. Kitambaa kilichompendeza alikigeuza, akakinusa, akauliza kama kimefuliwa au kimelowekwa kwenye matope, akasema nyuzi zimelegea, akaaga, akaitwa, akarudi akiwa amenuna, na jioni kilikuwa kabatini kwake. Aliendelea hivyo hivyo na vitu ambavyo haviuzwi. Hajawahi kumsifu binti yake hadharani. Humwambia tu kwamba amekonda.

Sasa Mapokezi alipopeleka redio ya mama kwa fundi, akakuta kibao kimetundikwa mlangoni kinachosema nyumba inauzwa, alikisoma mara mbili. Fundi redio alikuwa mzee aliyefiwa na mke, mwenye nywele nyeupe na vidole vilivyozoea bisibisi, na alikuwa anataka kuhamia kwa binti yake mji mwingine. Nyumba ilikuwa ndogo, imekaa chini, hakuna hata kidato kimoja mlangoni. Ilikuwa na kibaraza kinachoangalia njia. Mapokezi alisimama pale na redio kwapani, akamwona mama yake amekaa kwenye kile kibaraza, akiwatazama watu usoni.

Kisha akafanya kile alichofundishwa. Alikunja uso, akasema mlango unalia.

Alikwenda tena wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Kila safari alikuja na kasoro mpya. Ukuta wa chumba cha mbele una unyevu, bomba la jikoni linavuja, bati limeshika kutu, dirisha ni baya, ukuta wa nyuma una ufa. Fundi hakubishana. Alimsikiliza, akijikuna nyuma ya sikio kwa bisibisi, na kila mara alipunguza bei kidogo. Mama naye, juu kule dirishani, alikuwa kocha: umeangalia dari? Umeuliza choo kinakwenda wapi? Mwisho wakapatana. Mapokezi alirudi nyumbani akiimba kwa sauti, jambo ambalo huwa halifanyi, maana sauti hana.

Wakili alikubali kumsimamia bila malipo, kwa sharti moja tu, kwamba asimsumbue kwa maswali. Ilikuwa kama kumwambia mvua isilowanishe. Kuanzia siku hiyo, mwanamke aliyewajibu watu miaka nenda rudi alisahau kila jibu. Aligonga mlango wa wakili kuuliza kama masijala ya ardhi inaweza kukosea jina lake. Aligonga kuuliza kama fundi akifa kabla ya kusaini itakuwaje. Aliuliza ufunguo anapewa lini, akaambiwa, na baada ya chakula cha mchana akauliza tena. Wakili aliweka kalamu chini.

"Dada, wateja wakikuuliza hayo huwa unawajibu nini?"

"Nawajibu vizuri tu, wakili. Lakini wale si mimi."

Mambo yalikwenda hata hivyo. Wakili alipekua kumbukumbu za ardhi, akakuta nyumba ni ya fundi kweli na haina mgogoro na mtu. Mkataba wa mauziano uliandikwa, lakini wakili alikataa kabisa usainiwe kabla benki haijasema itakopesha kiasi gani. Hilo Mapokezi alilijua vizuri, kwani ndilo aliloliimba kila siku: usijifunge kwa bei ambayo benki haijaikubali. Kilichobaki ni mthamini.

Angeweza kubaki ofisini. Fundi alikuwa nyumbani, mlango angefungua yeye. Lakini Mapokezi aliomba ruhusa, akasema anakwenda kusimama tu.

Mthamini alikuwa mama mmoja mpana mwenye buti za mpira na futi ya chuma kiunoni, na hakuwa mtu wa maneno. Alipima, akaandika, akagonga ukuta, akaandika. Kimya kile kilimchoma Mapokezi. Fundi naye alikuwa amesimama mlangoni kimya, akimtazama, na Mapokezi akaingiwa na wasiwasi mwingine: huyu mzee akiniona nimetulia, nimeridhika, si atajua naitaka? Mkataba haujasainiwa. Si atapandisha bei?

Mthamini aliweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha mbele.

"Unyevu huo," Mapokezi akasema.

Mthamini akaandika. Na baada ya hapo ulimi haukuzuilika. Mapokezi alimfuata nyuma chumba kwa chumba. Alimwambia kwamba maji ya bomba yanaingia chini ya sakafu, kwamba bati limekwisha, kwamba ufa wa nyuma unaonekana kuendelea. Mthamini alipouliza kama kuna jambo jingine la kuangalia uani, akajibiwa kwamba huko uani ndiko kubaya zaidi. Fundi alijikuna sikio. Mthamini alifunga daftari lake, akashukuru kwa msaada, akaondoka na buti zake. Mapokezi alirudi kazini ameridhika, anaamini amemzuia fundi asijanjaruke.

Barua ya benki ilipofika, aliisoma akiwa amesimama, huku mteja mmoja akimuuliza tofauti ya wakili na hakimu. Nyumba, kwa mujibu wa mthamini, ilikuwa na thamani ya chini sana kuliko bei waliyopatana, na benki ingekopesha kwa kufuata thamani hiyo. Pengo lililobaki hakuwa na namna ya kuliziba. Akiba yake yote ilikuwa imeshahesabiwa humo. Alivuta kiti, akapita, akaingia kwa wakili bila kubisha hodi.

Wakili alisoma, akamuuliza mthamini aliambiwa nini. Mapokezi akamweleza, chumba kwa chumba. Wakili alivua miwani akaifuta kwa tai muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji, na mabega yalikuwa yanamtikisika. Alipopata sauti, alisema njia ziko mbili. Amwombe fundi ashushe bei hadi pale, au aiombe benki imrudishe mthamini aangalie upya, kwa sababu zinazoeleweka.

Njia ya kwanza haikuwepo. Mapokezi alikuwa amemkamua yule mzee mpaka tone la mwisho, na wiki ile ile mwenye duka la vyuma jirani alikuwa ameshamwendea fundi, ana pesa mkononi, anataka kiwanja tu. Nyumba angeibomoa ajenge stoo. Fundi alisema atasubiri mpaka Ijumaa.

"Basi itabidi uisifu," wakili akasema.

"Mbele ya fundi?"

"Nyumba ni yake. Atakuwepo."

Mapokezi alikaa kwenye kiti cha wateja, kile chenye mguu uliolegea ambacho huwaonya watu wasikiegemee. Akauliza lile swali ambalo wateja wakiliuliza yeye huenda kuliigiza nyumbani. "Kama hatujasaini, anaweza kubadilisha bei?"

Wakili hakucheka tena. Alisema anaweza. Mpaka wote wawili wasaini, bei ni mazungumzo tu.

Jioni ile hakumwigiza mtu. Alimweleza mama yote, akingoja kuambiwa kwamba ni mjinga, na kwa kweli alitaka aambiwe. Mama hakumgombeza. Alibaki akitazama chini, njiani, ambako watu walikuwa wanarudi kutoka makazini.

"Hicho kibaraza kipo kweli?" akauliza.

"Kipo, mama."

"Kinaangalia njia?"

"Kinaangalia njia."

Mama alitikisa kichwa kidogo, akaomba aongezewe mto chini ya goti. Mapokezi aliutia ule mto, akaenda jikoni, akalia kidogo huku amefungulia maji ili yasikike hayo tu. Kesho yake asubuhi aliandika maombi kwa benki, na kwa bahati mthamini akapangiwa kurudi Alhamisi.

Ungemwona siku ile. Alikuwa na mwendo wa mtu aliyeazima viatu. Fundi alifungua mlango, akawasalimia wote wawili, akarudi pale pale pake. Mthamini akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba cha mbele. Mapokezi akamfuata. Alisema unyevu ule si mwingi. Alisema rangi ya ukuta ni ya kupendeza, na kwa kweli ilikuwa rangi ya uji. Akasema nyumba ina hewa.

Mthamini alimkatiza. "Dada, siku ile ulinipa kasoro, leo unanipa sifa. Mimi benki hainilipi kwa vyote viwili. Nionyeshe kilichobadilika."

Kilichobadilika? Mapokezi hakuwa na cha kuonyesha. Kwa kukata tamaa akaenda jikoni, akaweka kidole chini ya bomba lile linalovuja, na kidole kikatoka kikavu. Akaangalia vizuri. Lilikuwa na mpira mpya. Aligusa ukuta wa mbele, ule unaopakana na jikoni, na alama ya maji ilikuwepo lakini palikuwa pamekauka. Alitoka uani karibu mbio. Ufa ulikuwa umezibwa, saruji yake imeshapauka. Bati lenye kutu lilikuwa la kibanda cha kuku, na siku zote lilikuwa la kibanda cha kuku. La nyumba lilikuwa zima.

"Mzee, haya umeyafanya lini?" akauliza.

"Zamani," Fundi akasema. "Kila ulipoondoka. Mtu akinitajia kitu kibovu, mkono unaniwasha."

"Na siku ile mbona hukusema? Ulinisikia nikimdanganya huyu mama wa watu."

"Wakili wangu aliniambia mthamini akija nifungue mlango, nifunge mdomo."

Mapokezi akalitambua jibu lake mwenyewe. Mthamini, ambaye siku ile aliandika kwa kufuata alama za ukutani na maneno yake, alikuwa ameshapiga magoti jikoni, anagonga sakafu kwa kifundo cha kidole na kuiwekea sikio. Akainuka, akasema kwa upande wa ukavu haoni tatizo, ila yapo mengine ya kuandika, kama nyumba inamfaa nani na kwa nini. Akauliza bila kuinua kichwa: mnunuzi ameipendea nini?

Swali lilikuwa la kikazi tu. Lakini Mapokezi alimtazama fundi, akaiona kesho yake, na bei ikipanda, na mwenye duka la vyuma na nyundo yake, akajua akijibu kweli amekwisha. Kisha akajibu. Alisema mlango hauna kidato. Alisema ni mpana, kiti cha mama yake kinapita, ameupima. Alisema jua la asubuhi linaingia chumba cha mbele na linakaa. Alisema mama yake hajaonana na mtu uso kwa uso, asiyekuwa yeye na jirani wa mlango wa pili, tangu siku aliyobebwa, na kwamba pale kibarazani atawasema watu na watu watamjibu. Alisema hajawahi kuona nyumba nzuri kama hii na hataiona nyingine.

Mthamini aliandika sehemu ndogo tu ya hayo, akafunga daftari, akatoka kwenda kupima ukuta wa mbele. Wakabaki wawili. Mapokezi aliangalia sakafu, akingoja bei mpya.

"Bei ni ile ile, mwanangu," Fundi akasema.

"Lakini sasa umesikia."

"Sasa nini? Mara ya pili ulipokuja, ulisema dirisha ni baya, huku unalipima kwa mkono, unatafuta kiti kitakaa wapi. Marehemu mke wangu aliisema nyumba hii tangu siku tuliyohamia. Mlango, jua, majirani, yote. Binti yetu akamwambia njoo ukae kwangu, akakataa mpaka alipofariki." Alijikuna sikio. "Nimekaa miaka humu bila mtu wa kuitia kasoro. Wewe ulipoanza na ule mlango, nilifurahi."

Barua ya pili ya benki, ambayo fundi aliingoja hata baada ya Ijumaa kupita, haikuwa na ukarimu wa ajabu, ila ilitosha. Mkataba ulisainiwa kwa wakili, na saini ya Mapokezi ikatoka ya mtu mwingine, ikabidi arudie. Kisha ukaja ule muda ambao wateja wote huuchukia, wa karatasi kuzunguka kati ya wakili, wakili wa benki na masijala ya ardhi. Mapokezi aliuliza ufunguo unatoka lini mpaka wakili akatishia kumtoza.

Ulipotoka, fundi alisema hataukabidhi ofisini. Ataukabidhi mlangoni.

Mama alibebwa tena juu ya kiti, ngazi zote, akiwaambia majirani kwamba wanamtikisa, kwamba yule wa kushoto ni mfupi, kwamba wenzao wa zamani walijua kubeba. Ndani ya gari aliacha kulalamika, akatazama watu njiani. Alipokaribia kufika ndipo akamshika binti yake mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Hii nyumba sasa ni yetu au ya benki?"

Mapokezi alikuwa amelijibu swali hilo bila kuinua macho kwa nusu ya umri wake. Sasa aliinua macho. Akasema ni ya mama. Hati imeshikwa na benki, alisema, lakini nyumba ni ya mama.

Fundi alikuwa anangoja kibarazani na ufunguo kiganjani, masanduku yake yamepangwa pembeni. Alimwamkia mama kwa heshima. Mama aliitikia, akashuka garini, akaingia kwa miguu yake akishika ukuta. Akatoka kwenye chumba cha mbele akisema rangi hii ni ya wagonjwa. Akasema dari imeshuka. Akasema jua lote hili litamtoa jasho, na jikoni mtu akigeuka atajigonga. Akafika kibarazani, akakitazama mwanzo mpaka mwisho, akasema ni chembamba, na hii njia ina watu wengi mno, mtu atapumzika saa ngapi. Mapokezi alitaka kuzama ardhini kwa aibu, akamgeukia mzee wa watu kumwomba radhi.

Fundi alikuwa anatabasamu. Alimwinamia Mapokezi, akamtia ufunguo mkononi.

"Naona naye ameipenda," akasema.

Mama hakuwasikia. Alikuwa ameshavua viatu, na alikuwa anamwambia mwanamke mmoja aliyepita njiani kwamba kapu lake limetoboka.